Naombeni ushauri: mkoa ukijitenga, kampuni za stima na maji huwaje?

Wadau habari zenu, hapa Majengo vijana wamenipanga niongee barazani juu ya haya maneno ya Pwani kujitawala, na mimi siasa sitaki, nataka niongelee stima, maji na bandari maana ndio zinatugusa. Mfano nilionao ni jimbo la Catalonia kule Uhispania, Oktoba 2017 baada tu ya ile kura ya kujitenga, kampuni ya gesi na stima ya Gas Natural ikahamisha makao yake ya kisheria kutoka Barcelona ikaenda Madrid, benki ya CaixaBank nayo Valencia, na uhuru wenyewe haukupatikana! Hofu peke yake ilitosha. Halafu kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 reli, posta na ndege zikagawanywa, na KPA, mamlaka ya bandari za Kenya, ikaundwa 1978. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni maji, Mombasa tunakunywa ya chemchemi za Mzima kule Taita Taveta na ya visima vya Baricho Kilifi, kaunti za watu, na hata sasa mfereji ukikauka twanunua mtungi kwa mkokoteni. Je, madeni ya kampuni kama hizi hugawanywa vipi, na bei ya stima hupangwa na nani? Wazee mliofanya kazi bandarini enzi hizo na mliosoma uchumi, nielekezeni nianzie wapi.