Maua ndani ya maji kwa meza za harusi: yangu yanaelea na kujaa viputo, nisaidieni

MdogoWaBibiharusi (Mbeya)

Habari zenu wapendwa. Dada yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, sherehe itafanyika ukumbini Soweto hapa Mbeya. Meza za wageni ni 24, na kamati imenikabidhi mapambo ya mezani. Dada anatamani maua yazamishwe kwenye glasi ndefu zilizojaa maji, juu unaelea mshumaa. Nimeshanunua glasi 26, mbili ni za meza kuu. Kimo ni sentimita 40, upana sentimita 10.

Jana usiku nilijaribu kwa mawaridi mekundu ya Mwanjelwa. Kwanza yote yaliibuka juu. Nikayafunga kwa uzi wa cherehani kwenye mawe niliyookota kwa shangazi Tukuyu, na mawe mawili nayo yakaelea! Asubuhi nakuta petali zimejaa viputo vyeupe kama ukungu, kingo zimegeuka kahawia. Dada alikuja akaangalia, hakusema neno, akarudi chumbani. Iliniuma sana. Nifanyeje?

Kijana_Makete

Pole dada. Labda ubadilishe ua. Panda Kitulo, okidi za kule ni nzuri ajabu, si bure watu wanapaita Bustani ya Mungu.

MamaMapambo_Uyole

Kijana, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ua la pale linatazamwa tu, halichumwi. Tena mwezi huu wa saba hakuna cha kuchuma, msimu wake ni Disemba mpaka Aprili. Tusimtume mtoto wa watu kwenye matatizo.

Binti yangu, pole. Kazi hii nimeifanya miaka 14, Mbeya na Tukuyu, na hayo yote yamenipata.

Mawe tupa. Mlima Rungwe ni volkano, na mengi ya mawe mepesi ya kule ni povu la volkano lililoganda, ndani yana matundu. Hata lile linalozama litatoa hewa usiku kucha. Tafuta kokoto laini za mtoni, uzisugue kwa brashi mpaka maji ya kuoshea yabaki safi. Au nunua gololi za kioo za watoto. Mimi napenda gololi, zinashika taa vizuri.

Viputo vinatokana na maji yenyewe. Maji yetu ya bomba msimu huu ni baridi kama umeyatoa kwenye friji, na maji baridi hubeba hewa nyingi. Yakipata joto la sebuleni hewa inajitoa, inakwenda kung'ang'ania petali. Ukumbini penye taa na watu zaidi ya 200 itakuwa mara mbili ya uliyoyaona. Kwa hiyo chemsha maji yatokote kama dakika kumi, yafunike, yapoe usiku kucha. Ukimimina, inamisha glasi yateremke ukutani taratibu, kama soda usiyotaka itoe povu. Kiputo kikibaki, kiguse kwa sindano ya kufumia, kitapanda chenyewe.

Ukiacha sentimita 5 juu kwa ajili ya mshumaa, glasi yako inachukua karibu lita 2.7. Kwa 26 ni lita 70, basi madumu manne ya lita 20 yanatosha. Omba sufuria kubwa la kamati Ijumaa asubuhi, kabla wapishi hawajaanza kukaanga. Likiwa na mafuta hata kidogo, utaona utando juu ya maji. Glasi zibebe tupu, uzijaze mezani. Glasi iliyojaa ina kilo karibu tatu za maji peke yake, usiipakie kwenye bajaji.

Na tafadhali, waya wa kufungia nondo usiuguse. Mwaka wangu wa pili kazini niliutumia kushikilia maua kwenye mawe, nikajaza maji tangu Ijumaa jioni. Asubuhi glasi zote zilikuwa na maji ya rangi ya chai kwa sababu ya kutu. Nilizimwaga zote thelathini na kuanza upya, mama wa bwana harusi amesimama mlangoni. Sijausahau uso wake.

Sasa ua lenyewe. Waridi halilali ndani ya maji, petali zake nyembamba zinalowa. Kama sherehe inaanza saa 12 jioni, litumbukize saa 9 alasiri, si kabla. Kwa moyo wangu ningekushauri kala, yale meupe yanayojikunja kama faneli. Yana nyama nene yenye nta, yanakaa mpaka kesho yake. Uyole na Tukuyu yanaota nyuma ya nyumba, kwenye mifereji. Bisha hodi uombe. Chukua yaliyofunguka nusu, maana yaliyofunguka sana kile kidole cha njano kinamwaga vumbi na kuchafua maji. Yakate jana yake, yasimame kwenye ndoo utomvu utoke. Utomvu huo unawasha, vaa glavu.

MwanaKyela

Mama amemaliza. Mimi naongezea mshipi tu. Ule mwembamba wa kuvulia hauonekani ndani ya maji wala haulowi ukalegea kama uzi. Huku kwetu upo kila duka la nyavu. Zungusha shinani mwa kikonyo mara tatu, ufunge kwenye kokoto, halafu ifukie kokoto chini ya gololi. Mshumaa weka mwisho kabisa kwa mkono mkavu, utambi ukilowa hauwaki.

MdogoWaBibiharusi (Mbeya)

Mama, shikamoo, na asanteni nyote. Jirani mmoja Uyole amenipa kala tatu na kuniahidi nyingine ndoo nzima. Nimechemsha maji jana, nimeweka ua moja leo saa 2 asubuhi. Sasa ni saa 4 usiku, maji ni safi, nimehesabu viputo vinne tu. Dada amevuta kiti akakaa nalo karibu nusu saa. Ila linaonekana nene kuliko nililolikata. Je, nikiweka matatu kila glasi hayatabanana?

MamaMapambo_Uyole

Marahaba mwanangu. Yatabanana. Glasi ya duara ikijaa maji inakuza upande kwa upande kama lenzi, ndiyo maana sisi hatujazi maua. Weka moja, refu, limeinama kidogo. Meza kuu weka mawili. Yatakayobaki kwenye ndoo usiyatupe, mfungie dada yako shada la mkononi, lifanane na meza zake.