MJADALA: Mtoto anakoroma na kulala mdomo wazi. Aanze mazoezi ya ulimi, au kwanza apelekwe kwa daktari wa pua na koo?

Mleta mada (mtaalamu wa tiba ya usemi, Moshi)

Habari zenu wakuu. Naomba tulijadili hili bila ushabiki. Mtoto analala mdomo wazi, anakoroma, asubuhi midomo imekauka na mto umelowa mate. Hapa kwetu wazazi wana njia tatu: wasubiri akue, wampeleke akatolewe nyama za pua na tonsesi, au wampeleke kwa mkata vimeo. Mimi naleta ya nne: mazoezi ya misuli ya ulimi, midomo na kaakaa. Hoja yangu ni kwamba yafundishwe kwenye kliniki za watoto, na yaanze mapema badala ya kungojwa mpaka mengine yote yashindikane.

Njia ya hewa nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia wazi, inategemea misuli. Ulio mkubwa ni ule unaotoka kwa ndani ya taya la chini na kuuvuta ulimi mbele. Usingizini unalegea, ulimi unarudi nyuma, hewa inapita kwa kubanwa na kaakaa laini linatikisika. Ndiko kukoroma. Njia ikiziba kabisa, pumzi inakatika.

Wazo lenyewe si la jana. Alfred Rogers, daktari wa kupanga meno wa Marekani, aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya uso mwaka 1918. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo, Brazil, walichukua watu wazima 31 wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini la kiwango cha kati, wakawagawa makundi mawili. Waliofanya mazoezi nusu saa kila siku kwa miezi mitatu walishuka kutoka wastani wa mikatiko 22 hivi ya pumzi kwa saa hadi 14 hivi. Bila kisu, bila dawa.

Daktari wa masikio, pua na koo (Arusha)

Mleta mada, takwimu umezitaja sawa, ila umeishia njiani. Kwa mtu mzima mikatiko 5 hadi 15 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 30 wa kati, zaidi ya 30 mkali. Kwa hiyo 14 bado ni mgonjwa, tena amebakiza hatua moja kurudi alikotoka. Na hao walikuwa watu wazima. Kwa mtoto hata mkatiko mmoja kwa saa tunauhesabu.

Tatizo la mtoto wa miaka 3 hadi 7 kwa kawaida si ulimi mlegevu. Ndio umri ambao nyama za nyuma ya pua zinakuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo. Ukimfundisha kufunga mdomo wakati pua imeziba, umemfungia mlango wa mbele na wa nyuma una kufuli.

Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Baada ya miezi saba, waliofanyiwa upasuaji 79% vipimo vyao vya usingizi vilirudi kawaida. Waliosubiri tu, 46%.

Mleta mada

Daktari, ahsante kwa hiyo 46%, umenisaidia kazi. Karibu nusu walipona bila kisu. Na wale 21% waliopasuliwa wasikae sawa unawapeleka wapi? Nyama zimetoka, njia iko wazi, lakini mtoto ameshazoea miaka minne kuacha mdomo wazi na ulimi umelala chini. Mazoea hayatoki na nyama.

Muuguzi wa kliniki ya watoto (Sakina, Arusha)

Mnagombana juu ya paa na msingi haujachimbwa. Kabla ya mazoezi wala rufaa, mzazi ajue kama pua inapitisha hewa. Chukua kioo kidogo kikavu, kiweke chini ya pua ya mtoto, mdomo ukiwa umefungwa. Atoe pumzi. Unatakiwa kuona mawingu mawili yanayokaribiana ukubwa. Likitokea moja, au yote mawili hafifu, kuna kitu. Kisha mpe funda dogo la maji akae nalo mdomoni bila kumeza, ahesabiwe hadi dakika mbili akiwa ametulia. Akitema kabla ya nusu dakika akihema, huyo usimwanzishie zoezi lolote la kufunga mdomo.

Pua nyingi zinazokuja kliniki zimezibwa na mafua ya mzio: vumbi la kiangazi, moshi wa kuni, blanketi lisiloanikwa juani tangu baridi ya Julai. Anzia hapo. Maji ya chumvi: lita moja iliyochemshwa ikapoa, chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Kila tundu la pua ml 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kichwa kimeinama mbele juu ya beseni, mdomo wazi. Kosa tunaloliona ni kumlaza chali na kumiminia. Maji yanashuka kooni, mtoto anapaliwa, na kesho yake hakubali tena. Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana. Yaliyobaki yamwage, siku ya pili chemsha mengine.

Kuhusu vimeo naomba nisikwepe. Kimeo hakizibi pua na hakiufanyi ulimi urudi nyuma. Kinachopatikana ni damu isiyokatika, maambukizi, hata pepopunda, na wengine kaakaa linabaki na kovu, uji unatokea puani. Mama akifika na mtoto "aliyeshindikana" uliza kwanza kama ameshakatwa, na uliza kwa upole, maana atakuficha.

Daktari wa meno (Moshi)

Namuunga mkono dada muuguzi, naongeza jambo ambalo mleta mada amelipita haraka: uzi wa chini ya ulimi. Ulimi uliofungwa hauwezi kupanda kaakaani hata ufanye mazoezi mwaka mzima. Kupima ni rahisi. Rula ya milimita. Mgonjwa afungue mdomo mpaka mwisho, pima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Halafu aweke ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, afungue tena bila kuuachia. Kama ya kwanza ni mm 40 na ya pili ni 18, hiyo ni 45%. Chini ya nusu, uzi unabana kweli. Zaidi ya 80%, tafuta sababu nyingine, usikimbilie mkasi. Siku hizi kuna wanaokata kila uzi wanaouona.

Na ukikata bila mazoezi kabla na baada, kidonda kinaweza kujishona kifupi kama zamani.

Mleta mada

Sawa daktari. Basi niyaweke mazoezi mezani mtu aone tunabishania nini.

Mahali pa ulimi kwanza. Tamka "nne" ukaishikilie ile N ya mwanzo. Ncha ilipogusa, kwenye tuta la nyuma ya meno ya juu bila kuyagusa meno, ndipo makazi yake mchana kutwa, midomo imefungwa, meno hayajaumana. Kutoka hapo telezesha ncha nyuma kwenye kaakaa, mara 20. La pili: nyonya ulimi wote juu ubandike kaakaani, fungua taya mpaka uzi wa chini uvutike, hesabu tano, achia kwa mlio. Sio msonyo! Ni ule mlio mkavu kama kizibo kinachotoka kwenye chupa, wa aina ambayo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanayo ndani ya maneno yao. Mara 20. La tatu, ncha iguse meno ya chini na mgongo wa nyuma wa ulimi ushuke chini, mara 20. La nne ni la kaakaa laini, na hapa Kiswahili kimetubariki: shikilia "ng'" ya ng'ombe sekunde mbili, kisha fungua kwa "aaa". Angalia kwenye kioo kwa tochi ya simu, kimeo kinapanda. Kisipopanda unapiga kelele tu. Mwisho kidole ndani ya shavu, kisukume nje, shavu likirudishe ndani, mara 10 kila upande. Na chakula kitafunwe pande zote mbili, kwa zamu.

Yote dakika nane, mara tatu kwa siku. Watoto chini ya miaka minne hawafuati maelekezo, usiwalazimishe.

Daktari wa meno

Hapo kwenye kunyonya ulimi ndipo wengi wanapoharibu. Tazama kidevu. Kikikunjamana na kuwa na vidoti kama ganda la chungwa, au mishipa ya shingo ikitoka, ulimi haufanyi kazi, majirani ndio wanaoufanyia. Punguza nguvu, rudia mara 5 safi kuliko 20 za kuigiza. Ulimi ukivutikia upande mmoja kila mara, aonekane na mtaalamu. Taya likianza kugonga au kuuma mbele ya sikio, acha kufungua sana.

Mwalimu wa kwaya (Usa River)

Wakuu, je, kuimba hakutoshi? Kwaya zetu zinaimba saa mbili kila jioni. Na matarumbeta? Nilisikia kuna ala ya kupuliza iliyotibu kukoroma.

Daktari wa masikio, pua na koo

Mwalimu, hiyo ni dijeridu, ala ya wenyeji wa Australia. Mwaka 2006 huko Uswisi watu 25 walishiriki. Waliojifunza kuipuliza, kama dakika 25 kwa siku karibu siku sita za wiki, baada ya miezi minne walipungukiwa na mikatiko na usingizi wa mchana. Ila dijeridu hupulizwa bila kukata pumzi, mashavu yanasukuma hewa huku pua inavuta nyingine. Usihamishie matokeo yake kwenye tarumbeta la harusi kwa sababu tu vyote vinapulizwa. Kuimba nako kumejaribiwa Exeter, Uingereza, mwaka 2013, mazoezi maalumu ya sauti dakika 20 kwa siku kwa miezi mitatu, na kukoroma kulipungua. Yalikuwa mazoezi yaliyolenga koo na kaakaa, si pambio lolote.

Mfamasia (Kijenge, Arusha)

Naongeza mawili ya dukani. Matone ya kuzibua pua hayazidi siku tano, baada ya hapo pua inaziba zaidi kuliko mwanzo na mzazi anarudi kununua chupa nyingine. Watoto wadogo wasipewe bila daktari. La pili, plasta za kubandika mdomo usiku zinazouzwa mitandaoni: kwa mtoto ni marufuku kabisa, akitapika hana pa kutokea. Na mtu mzima asiyejua hali ya pua yake naye asijaribu.

Mleta mada

Kwenye plasta tuko pamoja. Nakubali pia pua ipimwe kwanza, nimerekebisha hoja yangu. Nisichokubali ni mzazi wa Rombo asubiri foleni ya rufaa miezi bila kufanya chochote. Kioo kikionyesha pua iko wazi na mtoto ana miaka mitano, aanze leo.

Daktari wa masikio, pua na koo

Aanze, lakini si kwa kila mtoto. Anayekata pumzi kisha anashtuka, kifua kinabonyea kwa ndani, analala ameinua shingo kama anayetazama dari, jasho jingi, ameanza tena kukojoa kitandani au uzito hauongezeki: huyo foleni asiiache hata siku moja, na mazoezi yasiwe sababu ya kuahirisha. Mtu mzima vilevile. Shingo zaidi ya sm 40, shinikizo la damu, anasinzia kwenye usukani wa daladala: huyo apimwe usingizi, na akihitaji mashine ya kusukuma hewa aivae. Mazoezi ya ulimi ayafanye kama nyongeza.

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Na kwa anayeanza, atajuaje kama yanasaidia? Wazazi wengi wanaacha wiki ya tatu.

Daktari wa masikio, pua na koo

Kwa simu. Saa mbili hivi baada ya mtoto kulala, ondoa blanketi, fulana ipandishwe kifua kionekane, washa taa, rekodi dakika tano na sauti. Fanya hivyo kabla ya kuanza, wiki ya nne na wiki ya nane, mkao uleule. Wiki ya nane hakuna tofauti, njoo na zote tatu. Na ukiona pumzi imekatika kwenye ile ya kwanza kabisa, usingoje ya pili.