Watu wa Nyumbani, Jinja

Zaituni: Asalaam aleikum nyote. Leo nimepiga kafi kwenye ziwa la Bujagali tangu alfajiri. Mabega yanauma ila roho imetulia.

Mjomba Hamisi: Waaleikum salaam mwanangu. Hayo si yale maji ya kasi yanayopindua watu?

Zaituni: Hapana Mjomba, ya kasi yako mbele, baada ya bwawa la umeme. Huku juu Naili imelala. Tuliacha mkondo mkubwa tukaingia kwenye hori dogo, mafunjo yamesimama kushoto na kulia kama ua wa nyumba. Ukiinua kafi unasikia matone yanavyodondoka, basi. Mdiria mmoja alisimama hewani karibu nami, mabawa yanapiga mbiombio, kichwa hakitikisiki kabisa. Mara akajitupa majini akatoka na kidagaa, akakigongagonga kwenye tawi ndipo akameza.

Dada Rukia: Jaketi la kuokolea ulivaa?

Zaituni: Nilivaa dada. La kwanza kifungo kilikuwa kimekatika, nikalikataa, wakaniletea jingine.

Dada Rukia: Umefanya vizuri. Na kichocho usikisahau. Konokono wake wanapenda hayohayo maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu vinapenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Usishuke ukingoni ukasimama majini. Jifute mara utokapo, kisha ukapime baada ya wiki 6 hadi 8, maana ukipima mapema hakionekani. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini upime.

Zaituni: Nimekusikia dada.

Mama: Zaituni, hapo unapopaita ziwa ndipo yalipokuwa maporomoko. Marehemu baba yenu alitupeleka kila Idi. Vijana walikuwa wanashuka na maji wamekumbatia jerikeni, watalii wanawapa pesa. Mimi nilikuwa nafumba macho. Ule mngurumo ulikuwa unaingia kifuani kabla hujayaona maji.

Zaituni: Mwongozaji alituonyesha mahali penyewe, Mama. Yalizama bwawa lilipojazwa. Nimepita juu yake, sikusikia chochote.

Mama: Hapo ndipo panaponiuma.

Mjomba Hamisi: Dada yangu, nakuelewa. Lakini tukumbuke pia mgao wa umeme ulivyotutesa. Karakana yangu ya kuchomelea ilikuwa inalala siku nzima, vijana wamekaa kwenye benchi. Bwawa lilipoanza kazi 2012, megawati 250, nikapata kupumua.

Mama: Sikatai Hamisi. Taa naziwasha hata mimi. Nasema tu palikuwa pazuri, na Wasoga walikuwa na matambiko yao pale, hawakupachukulia kama maji tu.

Zaituni: Mama, kuna kayaki za watu wawili. Wewe unakaa mbele, mimi nyuma ndiye mwenye kuelekeza. Huhitaji hata kupiga kafi.

Mama: Na miaka yangu hii?

Zaituni: Maji hayana wimbi asubuhi. Tutaondoka saa 12, kabla upepo haujaamka.

Mjomba Hamisi: Nitawapeleka na gari. Bodaboda hapana, ile barabara ina vumbi.

Mama: Jumamosi basi, inshallah. Ila tukifika juu ya yale maporomoko uache kupiga kafi kidogo, nimsomee baba yenu Fatiha.

Zaituni: Nitaacha, Mama.

Dada Rukia: Jaketi la Mama nitalikagua mwenyewe. Nami nakuja.