Naomba ushauri: kwenye majina ya molekuli, "di" (yaani mbili) ya ndani ya mabano inahesabiwa kwa alfabeti?

Habari zenu wanagrupu, poleni na kazi. Niko Kisumu, nasoma kemia mwaka wa kwanza, na kuna kitu kwenye kupanga matawi katika jina la molekuli kimenikwamisha tangu Jumanne. Nina mnyororo wa kaboni 8, kaboni ya 3 ina ethili (tawi la kaboni 2), ya 5 imeshika tawi ambalo lenyewe limegawanyika, yaani kaboni moja imebeba methili (tawi la kaboni 1) tatu, ile wengine wanaita tert-butili. Nikaandika 3-ethili-5-(1,1-dimethilethili)oktani, juu nimezoea "di" haihesabiwi kwa alfabeti so nikapanga e halafu m. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaanza na dimethilethili. Namba hakuzigusa, na hata nikihesabu kutoka upande ule mwingine napata 4 na 6, so 3 na 5 ndio ndogo. Nimeunda hiyo molekuli mezani na njiti za kiberiti na udongo lakini umbo haliniambii chochote kuhusu herufi.

Mbona "di" ikiwa ndani ya mabano inahesabiwa na nje haihesabiwi? Na nikitumia tert-butili, napanga kwa t ama kwa b? CAT (mtihani mdogo wa muhula) ni Ijumaa, na hii mada naipenda kweli, sitaki kuikariri tu. Asanteni sana.