Teebird ya DX iliyochakaa au Leopard mpya? Tulinganishe draiva za feawei zinavyobadilika zikizoea

mrusha_jioni
Wadau wa gofu ya diski (mchezo wa kurusha diski mpaka kikapuni) habari zenu. Nimefika njia panda naomba tulinganishe kidogo. Nina nafasi tatu za draiva ya feawei, yaani diski ya kurusha mbali kiasi, kwenye begi, nataka moja mbishi ya kwenye upepo, inayorudi kushoto hata nikiilazimisha, moja ya kwenda nyoofu, na moja inayolalia kulia taratibu bila kuanguka. Narusha bekhendi mkono wa kulia, nikijitahidi sana nafika kama mita 90.

Njia ya kwanza ni kuchukua Teebird tatu za DX, ile plastiki ya chini inayochakaa haraka, nikazichakaza kwa zamu. Njia ya pili ni kununua moldi (maumbo ya diski) tatu tofauti zote za Champion, ile plastiki ngumu, yaani Teebird, TL na Leopard. Ukisoma namba za watengenezaji Innova (spidi/kuelea/kulalia kulia mwanzoni/kurudi kushoto mwishoni), Teebird ni 7/5/0/2, TL 7/5/0/1, Leopard 6/5/-2/1. Sasa kila mtu ananiambia Teebird ikichakaa inageuka Leopard. Kama ni hivyo si ninunue Leopard tu yaishe, kuna haja gani ya kupigisha diski kwenye miti msimu mzima?

kona_kali
Mkuu hiyo kauli ni nusu kweli. Teebird ya DX iliyochakaa na Leopard mpya zikiwa mkononi unaweza kusema ni mapacha, ila zikishakuwa hewani utaona tofauti pale mwisho. Zote mbili ukizirusha bapa zitalalia kulia kidogo, sawa, lakini Teebird bado inakumbuka kurudi, zile mita 15 za mwisho inanyooka afu inashuka kushoto kidogo, unapata ile S ndefu nzuri. Leopard ukiipa nguvu kuliko inavyotaka inalala kulia na inabaki hukohuko, ikiguswa na upepo wa mbele ndo basi tena inageuka rola, inabiringika chini kwa ukingo.

Namba ya tatu ndo inaanza kuondoka, ya nne inaondoka pole pole sana. Hiyo ndo sababu watu wanahangaika kuzichakaza wenyewe, hakuna kiwanda kinachokuuzia hiyo S ikiwa tayari.

mrusha_jioni
Aisee. Kwa nini lakini namba ya tatu itangulie? Plastiki si imechakaa pande zote.

fundi_haiza
Ngoja nijaribu kueleza, msioenda na fizikia rukeni hii.

Bekhendi ya kulia ukiitazama kwa juu inazunguka kufuata mshale wa saa. Ikitoka mkononi ina spidi kubwa na iko karibu bapa kabisa, hapo ule mnyanyuo wa hewa unashika nyuma kidogo ya katikati ya diski, kwa hiyo unajaribu kuisukuma pua chini. Ila kitu kinachozunguka hakitii pale pale ulipokisukuma, kinatii robo mzunguko mbele, ndo maana badala ya kuinama inalalia kulia. Spidi ikiisha diski inaanza kuzama, hewa inaipiga zaidi kutokea chini, mnyanyuo unahamia mbele, sasa pua inataka kuinuka na matokeo yake inalalia kushoto. Huo ndo mwisho wa safari tunaouona.

Sasa kuchakaa kunafanya nini. Chukua diski mpya uiweke juu ya meza iliyonyooka, inamisha macho yawe sawa na meza. Utaona ncha ya ukingo, pale nusu ya juu na nusu ya chini zinapokutana, imeinuka kutoka mezani kwa kiasi fulani. Hicho kimo ndo kila kitu. Kikiwa juu diski inakuwa mbishi, kikiwa chini inakuwa legevu, yaani inalalia kulia kirahisi. Kila ukigonga mti ile ncha inapondwa, inakuwa butu na inashushwa kidogo. Kwenye spidi kubwa diski inakata hewa kwa ile ncha, kwa hiyo badiliko dogo tu la ncha linaonekana mwanzo wa safari kabla ya kuonekana mwisho. Kule mwisho umbo zima la diski bado linasema neno lake, na umbo zima halijabadilika kiasi hicho.

bibi_kikapu
Fundi umeeleza vizuri ila ongeza kwamba hata mpya hazifanani!! Wadogo zangu hawa wanasoma namba kwenye diski kama maandiko. Teebird mbili za Champion rangi moja, uzito mmoja, moja ina tumbo juu nyingine bapa kama sinia, na hazirukii njia moja hata kidogo. Ile yenye tumbo inaelea zaidi, ile bapa inawahi chini na ni mbishi zaidi. Mimi kabla sijachukua diski napitisha kidole gumba kwenye ncha afu naiweka juu ya kitu kilichonyooka kama fundi alivyosema. Kwa hiyo mrusha_jioni unaweza kununua Champion ukakuta imetoka kiwandani legevu kuliko DX ya jirani yako, usishangae.

mti_wa_kwanza
Mimi njia yangu ya kuchakaza diski ni bure kabisa, nagonga kila mti ulioko mbele. Karibuni 😂

kona_kali
@mti_wa_kwanza tunajua jina lako 😂

Turudi kwenye swali. Mrusha, ukichukua DX tatu ujue hivi: hatua ya kwanza inaisha haraka mno. Ile Teebird mpya ya DX uliyoiweka kwa kazi ya upepo, kwenye uwanja wa miti haidumu kwenye hiyo kazi, kabla hujaizoea imeshakuwa ya kwenda nyoofu. Hatua ya kati ndo tamu na inakaa kiasi. Afu kuna hatua ya mwisho ambayo wengine wanaitupa na mimi ndo naitafuta. Ukingo umejaa vidonda, ukiishika unahisi kama msumeno mdogo, ila ukiirusha kwa haiza, yaani upande wa nje umeinama, inajiinua yenyewe mpaka bapa, inatambaa hivyo hivyo mbali, afu inakwenda kulia taratibu. Kwenye feawei nyembamba yenye miti pande zote hamna diski mpya inayonipa huo utulivu.

plastiki_tu
Samahanini wazee wa DX ila kwangu hiyo ni kazi ya kujitafutia. Nilikuwa na mzunguko kama huo, shida yake ni kwamba diski unayoipenda leo mwezi ujao ni diski nyingine. Unasimama kwenye tii, pale pa kuanzia, unairusha ile ile haiza uliyoizoea, inapinda mita tano zaidi kwa sababu wiki iliyopita iligonga jiwe. Na ikizama majini au ikipotea huwezi kununua nyingine, unaanza upya.

Champion inachakaa pia, tusidanganyane, ila inaenda kwa mwendo wa kobe. Star, plastiki nyingine ya juu ya Innova, nayo inashika vizuri mkononi na inazoea mapema kidogo kuliko Champion. Mtu wa mita 90 kwa maoni yangu achukue Teebird ya Star, TL ya Star, Leopard ya Star, asahau habari za kuchakaza, muda huo afanye mazoezi ya pata, ile mirusho ya karibu ya kuingiza kikapuni. Nikipoteza Leopard nachukua nyingine, nayo inafanya karibu kazi ile ile siku hiyo hiyo.

kona_kali
"karibu kazi ile ile" 👀 si bibi_kikapu ameshasema hapo juu.

plastiki_tu
Karibu bado ni bora kuliko sijui.

mrusha_jioni
Haha nawaelewa wote wawili na hilo ndo tatizo. Vipi plastiki za katikati, kwa mfano zile KC Pro?

bibi_kikapu
Hizo KC zimepewa herufi za Ken Climo, yule aliyechukua ubingwa wa dunia wa PDGA, chama cha mchezo wetu, mara 12. Ni ngumu kidogo kuliko DX ya kawaida kwa hiyo zinachelewa kulainika, na zinalainika vizuri, hatua kwa hatua, sio leo mbishi kesho rola. Nazipenda kwa kazi ya kwenda nyoofu. Kampuni nyingine nazo zina ngazi zao, Discraft wana Pro-D kule chini na Z na ESP juu, Latitude 64 wana Retro chini, Opto na Gold juu. Kanuni ni ile ile, ya chini inashika vizuri na inabadilika haraka, ya juu inateleza zaidi mkononi hasa ikilowa lakini inakaa na tabia yake.

Na tofautisha kuchakaa na kupinda. Diski ikigonga mti kwa ubapa ikakunjika au ikikaa kwenye gari lenye joto ikavimba upande mmoja, huko sio kuzoea, hiyo imeumia tu. Inatetemeka ikitoka mkononi na haina namba tena. Plastiki ya juu ukiiloweka kwenye maji ya moto ya wastani na kuinyoosha kwa mkono afu ukaiacha ipoe juu ya kitu bapa mara nyingi inarudi.

shoto_mwenzenu
Swali la haraka, mi ni wa mkono wa kushoto. Haya yote nayageuza tu?

fundi_haiza
Ndio, kulia isome kushoto na kinyume chake. Na wanaorusha fohendi ya kulia wasome kama wewe, kwa sababu diski inazunguka kinyume. Wao wanaonaga diski zilizochakaa kama legevu zaidi kwa sababu fohendi za wengi zina spidi kubwa na mzunguko mdogo, zikitetemeka kidogo tu zinalala.

mrusha_jioni
Na kupiga msasa je? Kuna jamaa ananiambia chukua Champion mpya, isugue ukingo, unapata ya kuchakaa siku hiyo hiyo.

fundi_haiza
Usifanye kama unacheza mashindano. Sheria za PDGA haziruhusu kubadilisha diski baada ya kutoka kiwandani kwa namna inayobadilisha inavyoruka. Kinachoruhusiwa ni kuchakaa kwa matumizi na kusugua kwa kiasi kuondoa mikwaruzo au makosa madogo ya moldi. Mimi nikirudi nyumbani nakata zile nyuzi za plastiki zilizosimama ukingoni maana zinachana kidole, basi, siendi zaidi ya hapo. Na diski ikipasuka au kutoboka haichezeki kwenye mashindano, hata kama ndo inaruka vizuri kuliko zote begini, imeshastaafu.

plastiki_tu
Hapo tuko pamoja. Na kiukweli iliyosuguliwa hairuki kama iliyogonga miti, nimeona za watu, inakuwa legevu mwanzo na ile kurudi ya mwisho haina mpangilio.

kona_kali
Jambo moja hatujagusa, upepo. Mrusha usichague diski kwa siku tulivu peke yake. Upepo wa mbele unaifanya diski ione spidi kubwa zaidi, kwa hiyo kila diski inakuwa legevu kuliko kawaida, Teebird yako ya kati inaruka kama ile iliyochoka na iliyochoka inakuwa rola kabla hujameza mate. Wa nyuma ni kinyume, unaziondolea diski nguvu ya kulalia kulia na ule mnyanyuo, zinawahi kurudi kushoto na kuwahi chini. Kwa hiyo nafasi ya upepo mi nisingempa DX kabisa, hata mpya. Hapo weka Champion, au kama upepo ni wa kweli kweli panda kwenye Firebird, draiva mbishi zaidi, 9/3/0/4, hiyo haiombi ruhusa kwa mtu. Ukichakaza Firebird inabaki mbishi tu, inapunguza hasira kidogo na inakuwa rahisi kuirusha.

plastiki_tu
Hili nimekubali, na ndo nasema njia ya katikati ipo. Champion kwa kazi ya upepo, haibadiliki haraka. DX au KC kwa nyoofu, iachwe ijichakae yenyewe. Na ya kulia anunue Leopard mpya leo aitumie leo, wakati ile ya nyoofu inaendelea kuiva. Siku ikifika hatua anayoisema kona_kali atalinganisha mwenyewe zipi anataka.

kona_kali
Sina la kubisha, andikeni tarehe 😂

mrusha_jioni
Hii imekaa vizuri. Basi nachukua Teebird ya Champion moja, Teebird za KC mbili moja itumike nyingine ikae kando, na Leopard ya Star. Uzito je? Naona 175, 170, mpaka 150 na kitu.

bibi_kikapu
PDGA wanaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana, draiva ya sm 21.2 inakuja kama gramu 176, ndo maana nyingi zinaishia 175. Kwa mita zako 90 Champion ichukue 173 hadi 175 isitikiswe na upepo. Leopard shuka 167 hadi 170, itaelea zaidi bila kuilazimisha. Zile za 150 na kitu achia wanaoanza na wenye mkono mwepesi, kwako zitalala mapema.

Na KC zako mbili zichukue uzito mmoja, la sivyo siku ukiitoa ile ya kando hutajua kama unaona uchakavu au unaona gramu tano.

mti_wa_kwanza
Rangi mbili tofauti pia, au andika namba kwa kalamu ya wino chini yake. Mi zangu zote nyekundu, kila mara natoa ile isiyotakiwa 😂 Wino wa kawaida hauna shida, ila rangi nene ya kupaka hairuhusiwi.

mrusha_jioni
Nimeandika, 1 na 2 kwa wino mweusi. Namba 1 inaingia begini Jumamosi, nitaleta majibu ikishaanza kulalia.