Naomba ushauri: halwa na kahawa chungu, Eastleigh au Ngara?

Habari zenu wana Nairobi. Shangazi yangu anafika Jumamosi kutoka Lamu na ameshasema anataka halwa ya kuketi, si ya kubebewa kwenye mfuko. Goti lake halipandi ngazi.

Nilijaribu duka moja Eastleigh. Halwa ilikuwa bado ya moto, inateleza kwa samli, iliki inanukia mpaka barabarani. Ila chumba cha chai kina meza tatu, na baada ya Alasiri hupati hata pa kuweka kikombe. Ngara nimepata barfi na jalebi safi, lakini kahawa chungu hawana, na bila hiyo atanisema mwaka mzima.

Mnajua duka lisilo na ngazi, lenye vyote viwili? Na Eastleigh huwa kumetulia saa ngapi?