Tupeane uzoefu: PC yako ya gemu uliijengaje kwa hela ya kuungaunga?

kibubu_cha_bati
Wakuu habari za jioni. Leo saa kumi na moja nimepita Kariakoo nikaona dogo kakaa nyuma ya boda kakumbatia kesi ya kompyuta kama mtoto mchanga, kioo cha pembeni kakifunga na khanga kisipate mikwaruzo, nikajikuta nimesimama namwangalia mpaka boda ikapotelea kwenye foleni ya Msimbazi. Nimekumbuka mbali sana.

Yangu niliianza 2021, kompyuta ya ofisi ya Dell, OptiPlex 9020 ile ndefu, prosesa i5-4570 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, winga alianza na laki tatu na nusu tukamalizana laki mbili na themanini. Kadi ya kuchora picha za gemu nikaweka GTX 1050 Ti kwa sababu ile haidai waya wa ziada, inakula wati 75 tu na zote zinatoka kwenye sloti yenyewe, na ile Dell pawa saplai yake ni wati 290 huwezi kuibebesha mzigo. Usiku wa kwanza nimecheza GTA V mpaka adhana ya alfajiri, kesi iko wazi na feni ya meza inaipulizia ubavuni. Sijawahi kununua kitu kikanipa raha kama ile.

Haya mwageni, ulianza na nini, uliunga vipi, na hasa wapi ulipigwa, ili wadogo zetu wasipite njia hiyo hiyo.

DadaKori
Kupigwa niulizeni mimi. 2020 nimenunua hiyo hiyo "1050 Ti" laki mbili kasoro, boksi jipya, nailoni haijafunguliwa, nikasema leo Mungu kanikumbuka. Nimefika nyumbani Windows inaisoma vizuri kabisa jina na kila kitu, naweka draiva kioo kinakuwa cheusi. Natoa naweka tena, cheusi. Nimelala saa tisa nalia nikijua mimi ndio nimeharibu maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika bisibisi. Kesho yake jamaa mmoja wa ofisini akaniambia shusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kufungua tu kuna neno FAKE mbele ya jina, kori (viini vya kuchakata picha) 192 wakati 1050 Ti halali ina 768. Ndani ilikuwa chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011 wameiandikia BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya uongo. Kurudi dukani naonyeshwa karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairejeshwi.

Dada na kaka zangu angalieni matundu ya nyuma kabla hujatoa hela. 1050 Ti yenyewe haitoi VGA, ile njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye skrini. Ukiona lile tundu la bluu la pini 15 kwenye kadi wanayokwambia ni 1050 Ti, rudisha mkono mfukoni.

sloti_moja
Hiyo ya tundu la bluu iandikwe ukutani kila duka.

Luthuli_msee
Wasee wa Bongo mnahangaika sana na hizo OptiPlex. Mimi niko Nairobi, nilichukua HP Z420 ex-UK (imetumika Uingereza), prosesa Xeon E5-1620, hiyo mashine inakuja na pawa ya wati 600 na waya za pini sita ziko mbili tayari. Nikaziunganisha zikawa moja ya pini nane nikaweka kadi ya RX 580 ya 8GB, imetoka kwa mtu alikuwa anachimba nayo kripto, nikabadilisha pesti ya kupozea chipu na kusafisha feni na mpaka leo inapiga kazi. Workstesheni bana, imetengenezwa ikae ofisini miaka kumi.

mtaalam_wa_luku
Na umeme analipa nani? Hiyo Xeon ya 2012 na RX 580 ya wati 185, ukicheza kila siku masaa manne luku inaisha unaiona.

Luthuli_msee
@mtaalam_wa_luku stima nalipa mimi na sijalalamika. Sasa wewe i5 yako ikigonga asilimia mia kwa kila gemu unafurahia nini?

mtaalam_wa_luku
Nafurahia kulala na taa inawaka.

pedi_mbili
Kwa hela zote hizi mnazotaja mtu anapata PS4 iliyotumika na pedi mbili, unachomeka unacheza na wenzako, hakuna draiva wala BIOS. Sielewi kwa nini mnajitesa.

DadaKori
@pedi_mbili mimi kwa PC hii hii naedit video za harusi wikiendi, ndiyo iliyonilipia kodi mwaka jana. PS4 itanilipia?

pedi_mbili
Mada inasema ya gemu, haijasema ya harusi.

kibubu_cha_bati
Jamani tusitoke kwenye mada, leteni yaliyowakuta.

mnyalu_wa_basi
Langu fupi. Nilituma PC yangu kutoka Dar kwenda Songea kama kifurushi kwenye basi, kadi ikiwa imekaa ndani humo humo. Imefika kadi imening'inia, sloti ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeng'oka upande mmoja. Kadi kubwa na barabara yenye matuta haviendani. Ukisafirisha ing'oe, ifunge kwenye nguo, ipakate mwenyewe.

kimya_wa_Moro
Mimi nasomaga tu humu siandiki, ila hiyo khanga ya mwanzoni imenishika pabaya.

2022 nimemaliza form six nasubiri chuo. Nilikuwa naosha magari miezi mitano nimedunduliza laki tatu. Mama anauza vitumbua na yuko kwenye mchezo na wenzake kumi, kila mmoja anatoa elfu hamsini kwa mwezi. Zamu yake ikafika, laki tano, akatoa nne akanipa mkononi, akasema kanunue hiyo kompyuta unayoisema kila siku, ila uifanyie na kazi. Nikamwahidi.

Nimezunguka Kariakoo siku mbili nikapata i7-4770 iliyotumika na madabodi ya H81, RAM 8, RX 570 ya 4GB, kesi, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 240. Kila kitu nimekijaribu dukani isipokuwa pawa saplai, hela ilikuwa imeisha nikachukua ya bei ya chini, imeandikwa wati 600 lakini ukiinyanyua nyepesi kama boksi la njiti. Nyuma ina kile kiswichi chekundu kidogo. Sikukijua ni cha nini.

Nimeifunga sebuleni, nyumba nzima imekaa kuangalia, wadogo zangu, bibi, mama kaacha kukanda unga kaja na mikono yake nyeupe. Nikachomeka ukutani. Nikawasha. Ilipiga PAAA kama baruti, cheche zikatoka nyuma, moshi, nyumba yote giza na mdogo wangu wa mwisho akaanza kupiga kelele. Mama kwenye lile giza ananipapasa mikono anauliza umeumia? umeumia mwanangu? Hakuuliza kompyuta.

Kesho yake nikaibeba kwa fundi. Akainusa, akafungua kesi akaangalia kama dakika mbili, akasema kijana hii imeungua yote, mlio kama huo hauachi kitu. Hakuchomeka pawa nyingine. Akasema naweza kukupa elfu sitini ya chuma. Na mimi nilikuwa siwezi hata kuiangalia, nikachukua sitini nikampelekea mama yote.

Miezi mitatu baadaye rafiki yangu akanivuta kwenye kibanda kimoja cha gemu jirani na stendi, anasema wameleta PC kali. Nimeingia nimekuta kesi yangu. Ina mchubuko pembeni ya kitufe cha kuwashia niliouweka mwenyewe bisibisi ilipoteleza. RX 570 yangu ileile inazunguka, watoto wamejaa wanacheza mpira, shilingi mia tano nusu saa.

Nililipa mia tano nikacheza nusu saa. Sikumwambia mtu.

sloti_moja
Daah.

DadaKori
Nimesoma mara mbili. Hapo kwa mama na giza nimeshindwa.

mtaalam_wa_luku
Ulikuwa wapi hiyo banda, kwani mwenye banda ndiyo huyo fundi?

kimya_wa_Moro
Hapana, mwenye banda aliniambia kainunua kwa fundi laki tano na nusu, hana kosa.

mzee_wa_waya
Mwanangu pole sana. Nashika vyuma hivi miaka mingi acha nieleze kwa faida ya wengine. Kile kiswichi chekundu ni cha kuchagua volti, 115 ni ya wenzetu kama Marekani, 230 ndiyo yetu. Kikiwa kwenye 115 saketi ya mbele ya pawa inauzidisha umeme mara mbili, sasa ukiiletea 230 yetu vile vikapasita vikubwa vinapokea zaidi ya vinavyoweza, vinapasuka, fyuzi inakata. Lakini hiyo ni pawa upande wa ukutani. Upande wa kompyuta uko nyuma ya transfoma. Mara nyingi madabodi, prosesa na kadi vinabaki salama kabisa. Fundi yeyote anayejua kazi kitu cha kwanza ni kuchomeka pawa nyingine, dakika tano tu.

Luthuli_msee
Kwa hivyo alijua. Huyo ni mwizi na hakuna jina lingine.

mnyalu_wa_basi
Tusihukumu, inawezekana kweli alidhani imeungua, akaja kujaribu baadaye. Biashara ya chakavu ndiyo ilivyo, kanunua alichouziwa.

Luthuli_msee
Akaja kujaribu baadaye akapata inawaka, si angemwita kijana? Namba si alikuwa nayo? Hebu acha.

DadaKori
Namuunga mkono msee. Mtoto kaja na machozi unampa elfu sitini kwa mzigo wa laki saba bila hata kuujaribu.

mnyalu_wa_basi
Sawa, basi mimi ndiyo mbaya.

kibubu_cha_bati
@mzee_wa_waya kwa hizo pawa zenye kiswichi tufanyeje? Bado zimejaa sokoni.

mzee_wa_waya
Usinunue. Chukua ile iliyoandikwa 100-240V yenyewe inajipanga, haina kiswichi kabisa. Na pawa iliyopasuka usiifungue kuchungulia, kapasita zinaweka umeme hata ukishachomoa.

pedi_mbili
Au weka 230 kisha kifunge kwa gundi kali kisisogee tena. Mimi nilifanya hivyo kwa ya kaka yangu ina miaka minne.

mzee_wa_waya
Gundi haiongezi ubora wa pawa ndugu yangu. Ile nyepesi ni nyepesi tu.

fremu60
Na zile adapta za SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini sita za kuwashia kadi mziache pia, waya mmoja wa SATA unabeba wati 54 tu, yangu iliyeyuka ikanuka nyumba nzima. Mwenye kadi inayodai waya atafute pawa yenye waya wake. Na wenye Dell 9020 mkitaka kubadilisha pawa kumbukeni madabodi yake ina pini nane siyo 24 za kawaida, bila adapta yake hutoboi.

sloti_moja
Swali kidogo kwa wenye i5 za zamani, Windows mnafanyaje? Ya 10 imeacha kupewa masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025 na ya 11 inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama.

Luthuli_msee
Linux. Gemu nyingi za Steam zinaenda.

fremu60
Zile za mtandaoni zenye ulinzi wa wadanganyifu nyingi zinagoma huko, usimdanganye mwenzio. Mimi nimebaki na 10, mambo ya benki nafanyia simu.

DadaKori
@kimya_wa_Moro sasa hivi una nini? Na mama ulimwambia?

kimya_wa_Moro
Nilimwambia mwaka jana. Alikaa kimya muda mrefu akaniuliza, ilikuwa inawaka vizuri? Nikamwambia inawaka vizuri mama. Akasema basi uliifunga vizuri.

Sasa nina OptiPlex 7010 ndefu, i5-3470, nimeinunua kwa hela ya boom, mkopo wa chuo. RAM 4 tu, kadi bado. Najifunzia kuedit hivyo hivyo inanikwamia.

kibubu_cha_bati
RAM 4 ni DDR3 hiyo, aina ya zamani. Mimi nilivyohamia prosesa mpya zaidi, Ryzen 5 5600G, nimeachwa na DDR3 mbili za 4GB zimekaa kwenye droo. Na ile 1050 Ti iko hapo hapo. RAM chukua bure, kadi utaniletea hela ukipata harusi ya kwanza. Bado upo Moro?

kimya_wa_Moro
Nipo kaka. Sijui niseme nini. Ni za kasi ya 1600?

kibubu_cha_bati
1600 zote, zinafanana, zitakimbia pamoja. Natuma na basi la kesho asubuhi, nimeshazifunga kwenye soksi.

mzee_wa_waya
Zitoe kwenye soksi! Soksi ina chaji. Zifunge kwenye foili ya jikoni, ndiyo uzitie kwenye boksi.

mnyalu_wa_basi
Na kadi mpe kondakta mkononi, isiwekwe buti.